Mashine Ikikataa Kidole: Maswali ya Watu wa Tanga Kuhusu Alama za Vidole na Kitambulisho cha Taifa

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na meza ya kusajili laini za simu Ngamiani: mwavuli juu, kiti cha plastiki cha mteja, na kimashine cha kusomea dole nilichokifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza kisianguke. Maswali haya niliulizwa pale mezani, barazani, hata msibani. Mengine naulizwa hadi leo.

Mashine inaona nini hasa nikiweka kidole?

Haioni jina lako wala ukoo wako. Inapiga picha ya michirizi ya ngozi, basi. Litazame dole gumba lako juani: kuna mistari iliyojikunja kama kitanzi, au inayozunguka kama maji yanayoingia shimoni, au inayopanda na kushuka kama kilima. Kompyuta inashughulika zaidi na vitu viwili vidogo: pale mstari unapokatika, na pale mstari mmoja unapogawanyika miwili kama njia panda. Kidole kizuri kina sehemu za namna hiyo makumi kadhaa. Kila moja inaandikwa iko wapi na imeelekea wapi, inapatikana ramani ya nukta. Ramani hiyo ndiyo inayolinganishwa na nyingine.

Kwa hiyo ndani ya mashine hakuna jibu la "ndiye" au "siye". Kuna maksi, kama za mtihani. Nukta zilizokubaliana zikiwa nyingi, maksi zinapanda. Halafu kuna watu waliokaa wakaamua: kuanzia hapa amefaulu, chini ya hapa amefeli. Wewe pale mezani unaonyeshwa kijani au nyekundu tu. Lishike hili, maana karibu kila swali linalofuata linarudi hapa.

Huo mpaka wa kufaulu na kufeli unawekwaje?

Ukivilegeza vigezo, mgeni anaweza kupita kwa jina lako. Ukivikaza, wewe mwenyewe utakataliwa. Wavuvi wa Sahare wanajua habari ya jicho la wavu: ukitaka asikuponyoke hata dagaa mmoja, kubali kuzoa na takataka. Hakuna mashine iliyoyaepuka yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akikwambia mfumo wake "haukosei", muulize haukosei upande upi.

Kwa nini walinichukua vidole vyote kumi, na kwa wakala wa laini nikaambiwa niweke kimoja tu?

Hizo ni kazi mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya, wakiwemo maofisa.

Kwa wakala, au benki, unasema kwanza wewe ni nani: unataja namba yako ya NIDA, yaani ya Kitambulisho cha Taifa. Mashine inakwenda kwenye jalada moja tu, lako, na kulinganisha kidole hiki na kile kilichohifadhiwa. Ni mmoja kwa mmoja. Kazi nyepesi.

Siku ya kujiandikisha swali lilikuwa lingine: je, mtu huyu hayumo tayari humu ndani kwa jina jingine? Hapo hakuna jalada moja la kufungua. Unalinganishwa na kila mtu aliyewahi kuandikishwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kidole kimoja kinafananishwa na cha mtu mwingine kimakosa mara moja tu katika mara 1,000,000. Ni kosa dogo sana, si ndiyo? Sasa weka watu 25,000,000 ndani ya mfumo. Kila anayeingia mlangoni atakuta watu kama 25 ambao mashine inadai ni yeye. Kosa ni lilelile dogo, ila umati umelikuza. Dawa yake ni kuongeza ushahidi, na ndiyo sababu ya vidole kumi. Waliofanana kidole kimoja kwa bahati hawafanani vyote kumi.

India walikwenda mbele zaidi. Mpango wao wa Aadhaar, ulioanza kutoa namba mwezi Septemba 2010, unachukua vidole kumi, mboni mbili za macho na picha ya uso, na umeshaandikisha zaidi ya watu bilioni moja. Mwanzoni mwa 2012, walipokuwa na watu milioni 84 ndani ya mfumo, mamlaka yao ilitangaza kwamba 0.057% ya waandikishwaji wapya walidhaniwa kimakosa kuwa wameshaandikishwa. Asilimia hiyo unaweza kuipita usiione. Lakini wao walikuwa wakilenga kuandikisha watu 1,000,000 kwa siku, maana yake binadamu 570 kila siku wasio na hatia yoyote wanaitwa wadanganyifu, mpaka mtu mwenye macho akae na majalada mawili ayatazame. Mpango wa kitambulisho unapimwa hapo, kama yupo mtu huyo, na kama ana muda.

Ni kweli hakuna watu wawili wenye alama sawa? Hata mapacha?

Hata mapacha wa kufanana kabisa wanatofautiana. Michirizi inaumbika tumboni, miezi ya mwanzo ya mimba, na mkao wa mtoto, mgandamizo na ukuaji wa kidole chenyewe vyote vinaingia humo.

Ila kutofautiana kwa vidole ni jambo moja, na mashine kuiona tofauti ni jingine. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni Madrid, kipande cha alama ya kidole kilitafutwa kwenye hifadhi kubwa ya Marekani. Kompyuta ikatoa orodha ya watu wanaokaribiana nacho, wataalamu wa FBI wakamchagua mwanasheria mmoja wa Oregon, akawekwa ndani wiki mbili. Polisi wa Hispania ndio waliompata mwenye alama halisi, mtu mwingine kabisa. Ukitafuta ndani ya umati mkubwa, huwezi kukosa wa kufanana. Aliyeleta orodha ni mashine, lakini waliosema "ndiye" ni watu.

Kwa nini mashine inakataa vidole vya bibi yangu? Mbona vyangu inasoma mara moja?

Mama mmoja mtu mzima alinijia kutoka upande wa Mkinga, mkulima wa mwani. Nikampa kiti, nikafuta kioo cha kimashine kwa kitambaa, akaweka dole gumba la kulia. Nyekundu. Akafuta kidole kwenye kanga, akaweka tena. Nyekundu. Nikaushika mkono wake nikauelekeza kwenye mwanga. Ncha ya kidole ilikuwa laini na kung'aa kama ndani ya kombe la pwani, na katikati pamekatwakatwa na vijistari vyeupe, vya kulala, visivyofuata mkondo wowote. Hiyo ilikuwa miaka ya kamba na maji ya chumvi. Akaniangalia usoni akaniuliza: "Mwanangu, kwani mimi siye?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile, lakini sasa ninalo.

Michirizi iko juu juu ya ngozi na inalika. Mkata mkonge anashika jani lenye utomvu unaowasha, siku nzima. Fundi wa saruji anashika kitu kinachochubua ngozi polepole. Mchimba chumvi, mpara samaki, mama anayekuna nazi na kufua kwa mikono, wote hao wanaisaga alama yao kila siku. Uzee nao unaongeza: ngozi inakauka, inalegea, michirizi inakuwa ya chini, na kioo hakipati mahali pa kuishika. Kuna na dawa. Capecitabine, inayotumika kutibu baadhi ya saratani, inaweza kufuta alama za vidole kabisa. Mwaka 2009 madaktari wa Singapore waliandika habari za mgonjwa aliyeshikiliwa na uhamiaji wa Marekani kwa saa kadhaa kwa sababu hiyo.

Tazama sasa ni nani wanaokataliwa. Karani mwenye mikono laini anapita. Anayekwama ni mzee, mkulima, mvuja jasho, mgonjwa. Kosa la mashine halianguki sawasawa juu ya watu. Linawafuata walewale ambao tayari wana shida ya kupanda basi mara ya pili. India walisema 99.86% ya watu walisomeka, na hao walikuwa na mboni za macho za kusaidia. Mkoa wetu wa Tanga ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.6 katika sensa ya 2022. Chukua hiyo 0.14% iliyobaki, uitie Tanga: watu 3,600 na ushei. Hao wangejaa misikiti mingapi?

Nifanye nini kabla ya kumpeleka?

Habari njema ni kwamba mzizi wa michirizi uko chini ya ngozi ya juu. Mikono ikipumzishwa wiki mbili tatu, alama nyingi zinarudi. Kama unaweza, mpumzishe kazi ya maji na chumvi kwa muda huo na umpake mafuta ya nazi kila usiku. Siku yenyewe aoshe kwa sabuni, akaushe, asipake kitu. Kidole kikiwa kikavu mno, akipulizie pumzi ya mdomo, au akipitishe kwenye paji la uso, jasho kidogo linatosha. Akilaze bapa, asikisimamishe ncha, asikisukume, asikandamize kwa hasira (wengi wakikataliwa wanakandamiza, na michirizi inabanana ikawa doa moja). Hina ya kidoleni nayo inaweza kusumbua baadhi ya mashine. Kwa bibi harusi, asubiri ifutike.

Asubuhi ni nzuri kuliko mchana, kabla mikono haijafanya kazi.

Na asiye na vidole kabisa?

Wapo. Waliokatwa na mashine za korona za kuchakata mkonge, waliougua ukoma, waliozaliwa hivyo. Mfumo uliotungwa vizuri unakuwa na sehemu ya kuandika kwamba kidole fulani hakipo, na unaendelea na vilivyobaki, au na picha na saini na mashahidi. Mtu huyo haandikishwi kwa hisani ya karani. Ni raia, na kitambulisho ni chake.

Wazee wanasema hiki ni kipande kimerudi. Wana hoja?

Wanayo, na wasichekwe. Babu zetu wengi walifika Tanga kama manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, na jina hilo lenyewe linatokana na namba waliyopewa. Kipande cha Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, iliyotakiwa kukamilishwa ndani ya siku 42. Siku ambayo haikuwekwa alama kwenye kadi ilikuwa kama hukufanya kazi. Kenya ilikuwa kali zaidi: tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni.

Hata ujuzi wenyewe ulikomaa chini ya ukoloni. Mwaka 1858, Bengal, ofisa Mwingereza William Herschel alimtia mkandarasi mmoja aitwaye Konai alama ya kiganja kwenye mkataba, asije akaukana. Ofisi ya kwanza ya kuhifadhi alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Hesabu ya kuzipanga zile kadi ilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukapewa jina la bosi wao, Edward Henry.

Mimi naona tofauti iko hivi. Kipande kilikuwepo ili mwenye shamba akujue wewe, na wewe usiwe na cha kumdai. Kitambulisho cha Taifa kinaweza kuwa chombo chako: unafungulia akaunti, unadai kiwanja, unapata pasipoti. Kinaweza. Siku kinapokuwa kitu cha kukuzuia tu, na hakuna unayeweza kumlalamikia, mzee aliyekiita kipande atakuwa amesema kweli.

Kama kuna matatizo yote haya, kwa nini tusiache vidole, turudi kwenye karatasi?

Kwa sababu karatasi nayo iliwaumiza watu. Hesabu mtaani kwako kina Juma Ally ni wangapi, na kina Mwanaidi Hassan. Nimewahi kuona watu wawili, jina moja la kwanza, moja la baba, moja la babu, wamezaliwa mwaka mmoja, kata moja. Na wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Walizaliwa "mwaka wa mvua kubwa". Kabla ya vidole, mwenye ndugu ofisini alikuwa na kadi mbili na asiye na ndugu hana hata moja. Alama za vidole zimepunguza hilo, na mimi nasimama upande wa kuzitumia. Ninachokataa ni kuzifanya mlango pekee wa kuingilia.

Namba yangu ya NIDA ina tarakimu 20. Alama zangu zimefichwa humo?

Hapana. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa. Vidole viko kwenye hifadhi, si ndani ya namba. Lakini kwa kuwa tarehe yako imo, usiitupe hovyo kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mtu anaweza kuiba alama zangu?

Anaweza, na nisingependa kukudanganya. Alama unaiacha kwenye glasi, kwenye kioo cha simu, kwenye mlango wa daladala. Mwaka 2002 mtafiti Tsutomu Matsumoto wa Japani alitengeneza vidole bandia kwa jelatini, kitu cha jikoni, na mashine za wakati ule zikavikubali mara nyingi. India, wahalifu walinakili madole gumba yaliyokuwa kwenye hati za ardhi wakayatumia kusajili laini. Hapo nawafikiria wazee wetu waliotia dole gumba kwenye mikataba ya mashamba, makaratasi yanayozagaa kwenye madroo ya kila mtu.

Kubwa zaidi ni wizi wa hifadhi nzima. Mwaka 2015 Serikali ya Marekani ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6, watumishi wake na walioomba kazi kwake, zimeibwa kwenye kompyuta zake. Neno la siri likiibwa unaweka jingine. Vidole utapata wapi vingine? Kwa hiyo mashine nzuri hupima pia kama kidole ni cha mtu hai, na ofisi nzuri haitegemei kidole peke yake pale penye fedha nyingi.

Wakala ananiambia "weka tena, haijasoma". Nimwamini?

Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine laini ya pili inasajiliwa kwa jina lako na unaondoka bila kujua, na aliyenunua laini ile akitapeli watu, polisi watakuja kwako. Mwambie akuonyeshe kioo cha simu yake kabla hujaweka tena. Kisha piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda ikafutwe siku hiyohiyo. Nasema haya nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho: wakala mwaminifu haudhiki akiombwa kuonyesha.

Sheria inasemaje?

Kuandikishwa kunatokana na Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ya 1986. Vitambulisho vyenyewe vilianza kutolewa Februari 2013, na tangu Mei 2019 laini zikaanza kusajiliwa kwa dole. Miaka hiyo yote vidole vilichukuliwa kabla ya kuwa na sheria mahususi ya kuvilinda. Ilikuja baadaye: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka alama za vidole kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuna Tume ya kupokea malalamiko. Kwa maana nyingine, mwenye gesti au mwajiri anayekutaka uweke dole kwenye mashine yake anapaswa kukueleza la nini.

Jirani zetu walilipeleka mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliisimamisha Huduma Namba, mpango wao wa kusajili watu, mpaka kuwe na sheria ya kutosha. Mahakama ya Juu ya India, Septemba 2018, iliiruhusu Aadhaar lakini ikakataa watu kulazimishwa kuitumia kwa laini za simu na akaunti za benki.

Watoto je?

Michirizi wanayo, ila ni myembamba na kidole kinakua, ramani inatanuka. India wanachukua vidole tangu miaka 5 na kurudia akifika 15. Kitambulisho cha Taifa kwetu ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo cha mtoto anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA.

Mama yangu amekataliwa leo. Kesho asubuhi nifanyeje?

Nenda naye, usimtume peke yake. Beba namba yake ya NIDA, kadi ya mpiga kura kama anayo, na barua ya mtendaji wa mtaa yenye picha yake iliyogongwa muhuri. Mkifika, omba vijaribiwe vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Hili ndilo watu wanalolisahau. Dole gumba na cha shahada ndivyo vinavyofanya kazi zaidi na ndivyo vinavyolika kwanza. Kama vyote vinakataa, uliza swali hili kwa sauti ya upole: "Vidole vyake vilivyohifadhiwa vilikuwa vizuri siku ya kuandikishwa?" Huenda picha mbovu ni ile ya zamani, na akichukuliwa upya kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya shida inakwisha. Asipokusikiliza karani, omba mkuu wake. Na ukiambiwa haiwezekani, omba waandike sababu, watie tarehe na jina la aliyekuhudumia. Kalamu ikitoka mfukoni, mara nyingi na njia ya pili inaonekana.

Mama yangu mzazi alirudishwa mara tatu na ofisi moja ambayo sitaitaja. Mara tatu alipanda gari, alisimama foleni, aliambiwa vidole vyake "havipo". Mara ya nne nilifunga meza nikaenda naye. Akapita kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ule asioshikia mbuzi anapokuna nazi. Katika safari zile tatu, hakuna aliyemwambia akijaribu.